Kamati ya Kuboresha Wasifu wa Shemeji

Wizara yenye dhamana ya mawasiliano ilitangaza, kwa furaha kubwa na maikrofoni mbili, kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Kuboresha Wasifu. Mwenyekiti ni Mkurugenzi wa Habari. Wasifu wa nani, hilo lilikuwa siri ya serikali, kwa hiyo jengo zima lilijua: ulikuwa wa shemeji yake.

Shemeji huyo, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa profesa wa haki za watu mtandaoni. Kazi yake ni kueleza nani anaruhusiwa kusoma ujumbe wako, nani haruhusiwi, na nani hana ruhusa ya kukuzimia mtandao eti kwa sababu umemkera. Kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuihariri, ilimpa aya tatu fupi. Ya tatu ilisema utafiti wake umeonyesha kuwa Wizara huzima mtandao kila inapokosolewa. Na mwisho wa mwezi Waziri alikuwa anakwenda kuhutubia mkutano ng'ambo, jukwaa moja na profesa, na wenyeji wa huko wana tabia mbaya ya kuwasoma wageni wao kabla ya kuwakaribisha.

"Aya ile ikisomwa mbele yangu," Waziri alimwambia Mkurugenzi, "kile kiti cha Katibu Mkuu kisahau."

Mkurugenzi alikuwa amekingoja kiti kile tangu nywele zake zilipokuwa nyingi. Hata alishakikalia kidogo, siku ya usafi, wakati wenzake wanafuta madirisha. Alijisikia vizuri sana.

Kamati ilianza kazi kwa chai. Baada ya chai ikalijadili neno "msomi", ikaafikiana kwamba limezidi, likawa "mtu aliyesoma". Kisha wakaifuta aya ya tatu. Kamusi elezo, kabla ya kukubali, ikafungua kisanduku kidogo: *Eleza sababu ya mabadiliko.*

"Mkuu, hapa tungeacha wazi tu," akasema Naibu Mkurugenzi, mama mpole aliyezoea kusema mambo ya maana kwa sauti ya chini.

"Serikali haiachi kisanduku wazi." Mkurugenzi akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: *Kwa maelekezo ya Mheshimiwa Waziri. SIRI.*

"Lakini si kila mtu ataona?"

"Ndiyo maana nimeandika SIRI. Tena kwa herufi kubwa."

Vikombe havijaondolewa mezani, aya ikawa imerudi. Aliyeirudisha alijiita Bundi Mstaafu, na aliacha swali moja: chanzo kiko wapi? Wakafuta. Akarudisha. Wakafuta tena, akarudisha tena na kuwatakia siku njema. Mkurugenzi akaagiza Bundi Mstaafu aandikiwe barua ya wito, afike ofisini na kitambulisho. Barua ikakosa anwani, ikafunguliwa jalada.

"Huyu anataka chanzo," Mkurugenzi aliiambia kamati. "Chanzo si ndio sisi?"

Ikatolewa taarifa kwa umma, yenye muhuri: Wizara haijawahi kuzima mtandao, na kila ilipouzima ilikuwa kwa nia njema. Bundi Mstaafu akashukuru sana. Akaiingiza taarifa yote kwenye wasifu wa profesa, neno kwa neno, chini ya kichwa kipya, "Uhusiano wake na Wizara", na hapo hapo akaeleza ni kwa maelekezo ya nani aya ya tatu ilikuwa ikifutwa. Kamati ikakanusha. Kanusho nalo likaingizwa. Wasifu ukanenepa kila Wizara ilipofungua mdomo.

Nyumbani mkewe akamuuliza, "Baba watoto, mbona unamwandama dada?"

"Simwandami. Namboresha."

"Basi kasema ahsante. Tangu muanze kumboresha, wanafunzi wanampigia kutoka nchi ambazo hata yeye hajui ziko wapi."

Siku ya mkutano ikafika. Kuusoma wasifu sasa kulihitaji mtu aliyeshiba. Mkurugenzi, shati limemganda mgongoni, akaona imebaki njia moja tu ya kukiokoa kile kiti. Akaamuru mtandao uzimwe nchi nzima, ili mtu yeyote asiweze kusoma kwamba Wizara huzima mtandao.

"Mkuu," Naibu akasema taratibu, "mkutano si uko ng'ambo?"

Suala hilo kamati ilikuwa haijalijadili.

Ukumbini ng'ambo, mwenyeji aliusoma wasifu wa profesa mwanzo hadi mwisho, akipumzika katikati kunywa maji. Alipomaliza akasema, kwa masikitiko, kwamba wamepata habari mtandao umezimwa huko wanakotoka wageni wao wawili. Watu wote wakamgeukia Waziri. Waziri akachomoa simu ampigie Mkurugenzi kwa ile njia ya mtandao, isiyokula salio. Haikuita.

Aliporudi aliitisha waandishi wa habari uwanja wa ndege. "Ni afisa mmoja tu," alisema, "mwenye kiherehere. Alijiamulia." Akamtaja kwa jina na cheo.

Mtandao uliporudi, Mkurugenzi akajikuta na yeye ana wasifu. *Mtumishi wa umma anayejulikana kwa kuzima mtandao kwa utashi wake mwenyewe.* Juu yake picha, mdomo wazi, akiwa anapiga chafya. Akajaribu kuufuta. Kamusi elezo ikamjibu kwa adabu kwamba mtu hashauriwi kuhariri habari zake mwenyewe. Binti yake aliusoma kabla yake. Alimtazama tu baba yake, kisha akatazama pembeni, na hapo ndipo Mkurugenzi alipoumia kweli.

Akaenda kwa shemeji.

"Ohoo, mboreshaji! Karibu, kaa," profesa akacheka. "Umekuja kunipunguza tena?"

"Shemeji, nimeonewa! Mtu anaandikwa uongo, dunia nzima inasoma, yeye hana pa kusemea! Kwani binadamu hana haki zake?"

"Haki zipi hizo, shemeji?"

Akazitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kukwama. Kwa ajili ya kamati alikuwa amesoma kila kitabu cha profesa akitafuta makosa. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, na kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Nafungua kesi dhidi ya Wizara," akasema. "Walioumia wanakaribishwa kujiunga. Wewe umeumia?"

"Nimeumia, shemeji."

"Si wewe uliyezima?"

"Mimi. Lakini na mimi nilizimiwa."

Akasaini.

Hati ya madai ilipofika wizarani ilifuata utaratibu. Malalamiko yote kuhusu habari hujibiwa na Mkurugenzi wa Habari, na Mkurugenzi bado alikuwepo, kwa sababu kufukuzwa kwake kulikuwa kunasubiri kikao. Waziri hakuifungua. Aliandika juu ya bahasha: *Mkurugenzi, jibu kama kawaida.*

Naibu akachukua kalamu. "Tukanushe kwa nguvu, au kwa masikitiko?"

Mkurugenzi alikuwa anasoma. Kwamba Wizara huzima mtandao. Kwamba Waziri aliagiza wasifu wa raia ukatwe. Kwamba mambo yalipoharibika, mtumishi wake akabebeshwa mzigo peke yake. Katika utumishi wake wote alikuwa hajawahi kusoma malalamiko mpaka mwisho, na sasa aliyasoma mara mbili akikosa cha kubishia.

"Tukubali," akasema.

"Tukubali lipi?"

"Yote. Na uongeze yale ambayo profesa hayajui."

Naibu aliongeza, na alikuwa nayo mengi. Jibu likachapwa, likagongwa muhuri, chini likawekwa *Kwa niaba ya Waziri*, likapelekwa mahakamani kabla ya chakula cha mchana. Jioni simu ya mezani ikalia kwa fujo.

"Nani?" Waziri alifoka. "Nani kakubali upuuzi huu wote?"

"Ni wewe, Mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi. "Mimi nimesaini tu kwa niaba yako."