Ninja Yatima Alivyotaka Kunikosesha Mke

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, na aliyeniaibisha ni ninja.

Niko kitandani hapa Rosettenville, huku kusini mwa Afrika, nimejifunika mablanketi yote niliyonayo, baridi ya Julai imeshika kweli kweli, lakini masikio bado yanawaka moto. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla Zaituni hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi. (Si kwamba inahitaji.)

Mnaonijua mnajua. Mimi Sudi, fundi cherehani wa Newtown, ni mgonjwa wa sinema za ninja. Nimekua nazo Tanga, kwenye kibanda cha video kule Makorora. Napenda ninja anavyokimbia juu ya paa la vigae na hakuna hata kigae kinacholia, wakati mimi nikivua viatu tu jirani wa chini anagonga dari. Napenda lile bomu la moshi: mambo yakizidi, puu! Mtu hayupo. Napenda maadui wanavyomsubiri kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu waliopanga foleni ya mkate. Na zaidi ya yote napenda hadithi zenyewe. Kisasi, kiapo, ndugu waliopotezana. Nikimaliza moja nzuri nalala nimeridhika kabisa.

Lakini namba moja moyoni ni Ninja Yatima. Jina lake la kweli silijui. Ndivyo ilivyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kibanda: "Ninja Yatima, saa nane mchana, njoo na leso." Sinema ilikuwa ya Kijapani, ila kulikuwa na mtafsiri. Anakaa nyuma ya pazia la gunia na maiki yake, Wajapani wanasema, yeye anatugeuzia Kiswahili kwenye spika. Sura yake hatukuwahi kuiona. Tulimwita Profesa, kwa sababu alitangaza mwenyewe kwamba amesomea Japani. Nani angembishia? Nilikuwa darasa la tano.

Sasa sikilizeni shida ilipo.

Nimemposa Zaituni. Mama yake amekuja kutoka Tanga, amefikia kwa mdogo wake, Mjomba Salehe, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Amekuja kunitazama kwanza ndipo atoe jibu, na Baba Zaituni kule Tanga amesema neno la mwisho ni la mama.

Na mama ana sharti lake. Mposaji aliyenitangulia alijitambulisha kuwa meneja wa benki Sandton. Zaituni anafanya kazi huko huko Sandton. Siku moja akamkuta meneja anaelekeza magari kwenye maegesho.

"Kazi si tatizo," Mama aliniambia siku ya kwanza kabisa. "Kila kazi ni kazi. Tatizo ni mdomo wake. Mwanangu simpi mwongo."

Nikajisemea, hapo nimepita. Mimi mengi nimejaliwa, uongo sikujaliwa. Kila Jumapili nikienda kumsalimia namhadithia kipande cha Ninja Yatima. Kijana na dada yake. Baba yao kawekewa sumu na shemeji kwa sababu ya shamba la minazi. (Ndiyo, minazi. Japani. Sikuwahi kujiuliza.) Kijana anaapa kwamba haoi mpaka dada yake apate mume mwema. Mama alilia. Akawapigia simu wenzake wa madrasa kule Tanga akawahadithia, nao wakalia. Akasema, "Kijana anayependa hadithi ya ndugu kupendana hivi, ana utu."

Mnaona? Posa yangu yote nimeibebesha ninja.

Aliyekuwa haifurahii hadithi ni Mjomba Salehe tu. Nikianza kuhadithia, anatoka nje kuangalia gari lake. Nikajua hanipendi.

Leo, baada ya pilau, Zaituni akatoa kompyuta yake, akaiunganisha na runinga huku anatabasamu.

"Mama, nimekuletea zawadi. Nimeipata ile ya Sudi! Niliandika tu, ninja anapigana darajani na mwavuli kwenye mvua, ikaja. Ni Kijapani, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nitakuwa nakusomea."

Jamani, nilifurahi! (Mjinga mimi.) Nikasogeza sofa mwenyewe. Nikafunga mapazia mwenyewe. Nikamwekea Mama hita miguuni.

Mjomba Salehe akakohoa. "Leo si kuna mpira?"

"Mpira upo kila wiki, Salehe. Kaa."

"Na mgao wa umeme unakuja sasa hivi."

"Ukija utatukuta."

Sinema ikaanza. Akatokea mzee mwenye ndevu nyeupe. Nikamwinamia Mama, "Huyo ndiye baba yao, maskini. Mtazame vizuri, hana muda." Mama akaanza kutafuta leso.

Zaituni akasoma: "Anasema... mimi ndiye mkusanya kodi. Chomeni kijiji."

Mama akaacha kutafuta leso.

"Baba anachoma kijiji?" Mama akauliza.

"Labda ni kijiji kibaya," nikasema.

Tukasubiri sumu. Mzee akala, akanywa, akapanda farasi. Mama akaniuliza sumu imefikia wapi, nikamwambia ni ya polepole. Tukafika katikati ya sinema mzee ana afya kunishinda mimi. Halafu akaja shemeji, yule katili, yule niliyemlaani utoto wangu wote. Akambeba shujaa mgongoni akavuka naye mto akamfunga vidonda.

"Anasema wewe ni rafiki yangu wa pekee," Zaituni akasoma.

"Maandishi yamekosewa," nikasema. "Hawa wanaoandika hawajasomea Japani."

"Kwani wewe umesomea?"

Nikamkonyeza, yaani, mpenzi, niokoe.

"Sudi, jicho lina nini?"

"Eish, vumbi."

Nikaanza kuomba umeme ukatike. Hapa kwetu mgao hauna huruma, unakata wali haujaiva, unakata umejaa sabuni machoni. Leo taa zinawaka utafikiri Ikulu.

Ndipo akatokea msichana. Nikapata nguvu! Kwenye huyu nilikuwa na uhakika. "Mama, huyo ndiye dada yake. Sasa shika leso vizuri." Mvua inanyesha, wamo kibandani wawili, msichana anamvua kaka yake kitambaa cha usoni. Kule Makorora hapa mkanda ulikuwa unaruka kidogo, Profesa akisema umekwaruzika, kisha tunawakuta asubuhi wanaagana.

Leo haukuruka.

"Mashallah," Mama akasema. "Anataka kumfuta machozi kaka yake."

Akambusu.

Jamani! Si la shavuni. Si la salamu. Lile busu lenyewe, refu, na mikono haikutulia.

"ASTAGHFIRULLAH!" Mama akavua kanga ya kichwani akairusha juu ya runinga. Picha ikafunikwa, lakini sauti ikaendelea, zumari na mvua na mengineyo. (Sikusikiliza. Nilisikia tu.)

"Anasema mume wangu," Zaituni akanong'ona. "Mama, huyu ni mke wake."

Mama akanigeukia taratibu. "Sudi. Hii ndiyo hadithi niliyowahadithia akina mama wa madrasa?"

Nikatamani bomu la moshi. Hakuna hata kiberiti.

"Uliniambia dada. Uliniambia baba, sumu, minazi. Mimi nimelia hapa! Zaituni, mwanangu, huyu na yule wa maegesho wana tofauti gani?"

Hapo aibu iliniisha, nikaogopa. Zaituni alikuwa amejishika mdomo, machozi yanamlenga, na nikaona kabisa kwamba nampoteza hivi hivi, siku nzuri, tumeshiba pilau.

"Mama, wallahi ndivyo nilivyoambiwa," nikasema. "Kule Makorora, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya ghala la mkonge. Mtafsiri alisomea Japani. Tulimwita Profesa. Nilimwamini mpaka leo."

Mama akauliza, "Makorora?"

"Ndiyo, Mama."

"Nyuma ya ghala la mkonge?"

"Pale pale."

Akageuka tena, taratibu zaidi, akanipita mimi, akapita sofa, mpaka mlangoni. Mjomba Salehe alikuwa ameshafika hapo, viatu mkononi, anatembea kwa ncha za vidole. (Ninja bora kuliko wote tuliowaona leo.)

"Salehe. Si ndipo ulipotuambia unafanya ukalimani kwa Wajapani?"

"Dada..."

"Mama yetu alikuwa anakuombea kila alfajiri! Anasema, mwanangu yuko na Wajapani!"

"Nilikuwa nao," Mjomba akasema. "Kwenye skrini."

Alivyoivuta ile "skrini" nikaitambua sauti ya kwenye spika. Nikasimama kama mwanafunzi. "Profesa?"

Mjomba akaviweka viatu chini. "Sasa ningefanyaje? Kijapani sikijui. Watu wamejaa, watoto wamo, na yule anambusu yule. Nikaukimbiza mkanda, nikamfanya dada. Ukishamfanya dada, lazima uwape baba. Ukiwapa baba, lazima afe, la sivyo watu hawalii."

"Na minazi?" Mama akauliza.

"Hiyo ni ya kwetu. Wakati ule ndiyo tunagombana na jirani."

"Na shemeji aliyeweka sumu?"

Mjomba akatazama zulia.

"Salehe! Shemeji yako si ndiye baba Zaituni? Ulimtia mume wangu kwenye sinema?"

"Alininyima baiskeli, dada."

Mama alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akajilaza kwenye sofa, mpaka ile leso ikapata kazi hatimaye. Zaituni naye akashindwa kujizuia, akaniangukia begani, na mimi nikapumua, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kijiji kichomwe.

Na hapo ndipo umeme ukakatika. (Asante, umechelewa.)

"Sasa mwisho wake?" Mama akauliza, runinga nyeusi, kanga bado iko juu yake. "Hapana, Zaituni, acha, usitafute. Salehe, maliza wewe. Sudi, msaidie."

Tukamaliza. Mjomba alisimama katikati ya sebule na sauti yake yote ya zamani, mimi nikafanya panga kwa kijiko na sinia la pilau. Shemeji akatubu. Dada akapata mume mwema. Mama alijua kila neno ni la kutunga na akalia vile vile.

Alipomaliza kujifuta akasema, "Yule wa maegesho alitunga mwenyewe. Wewe umetungiwa, ukaamini, na ukakumbuka yote. Mtoto nakupa. Ila siku ya harusi Salehe hashiki maiki."

Jamani, nimepona! Nimerudi nyumbani miguu haigusi lami, nimevuka robot nyekundu, taa ya barabarani, bila kuiona. Zaituni alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza kama nataka anitumie ile sinema nikaone inavyoisha kweli. Nikamwambia aifute.

Sasa naomba msicheke. Na kama lazima mcheke, msimpigie Baba Zaituni. Habari za sumu bado hazijamfikia, na ile baiskeli ndiyo ametuahidi zawadi ya harusi.