Santuri ya Pili ya Ngazi za Mvua

Jumapili, tarehe 2 Juni

Nimeoa! Harusi ilikuwa mwezi uliopita, lakini naandika tena kwa sababu kalamu inapenda: nimeoa! Benie yuko jikoni, anatwanga pondu, majani ya muhogo, na kuimba, na mimi nimekaa hapa kama mtu aliyekabidhiwa Kisangani nzima pamoja na mto wake.

Hata hivyo leo moyo wangu umegawanyika. Nieleze kwa utulivu.

Mimi hukusanya santuri za muziki wa filamu za zamani za taharuki. Si muziki wa kucheza. Ni ule wa majaribio, ambao mtungaji anakwaruza nyuzi za piano kwa kijiko, anapuliza chupa, anausugua msumeno kwa upinde wa fidla, mpaka msikilizaji anageuka kuutazama mlango wa nyumba yake. Malkia wa rafu yangu ni Ngazi za Mvua, filamu ya Kiitalia ambayo sijawahi kuiona. Santuri zake ni mbili. Ninayo ya kwanza tu. Ndani yake mwanamke anapanda ngazi. Hilo linasikika wazi. Nyuma yake kuna mtu anayechechemea. Matone. Pumzi ndani ya chupa. Mwanamke anafika juu, kitasa kinaanza kuzunguka, na hapo santuri inaisha. Miaka yote hii sijui kama mlango ulifunguka! Jioni nilipomsikilizisha Benie kwa mara ya kwanza, alinishika mkono akauliza: halafu? Nikajua huyu ndiye.

Leo baada ya misa tulivuka mto kwenda Lubunga kuwasalimu wakwe zangu, Papa Anselme na Mama Marceline. Papa Anselme aliwahi kuwa mlinzi wa sinema moja huko Makiso, na siku ilipofungwa kila mfanyakazi aliondoka na alichoweza kubeba. Nililetewa maji. Nikautazama mtungi yalikotoka. Umefunikwa na kitu cheusi, cha mviringo, chenye tundu dogo katikati. Karatasi nyekundu. Mchoro wa ngazi. Namba mbili.

Santuri ya pili! Inafunika maji ya kunywa!

Na siwezi kuiomba. Mkwe haombi. Mwanamume aliyeoa hupeleka, huinama, hula anachopewa na kukimaliza. Akianza kuomba vitu vya nyumba ya wakwe, mtaa utasema wamemtoa binti yao kwa ombaomba.

Tulipokuwa tunarudi, Benie aliuliza mbona niko kimya. Nikasema ni mapenzi. Sikudanganya. Nataka kumpa mwisho wa ule muziki siku asiyotarajia, niuone uso wake mlango unapofunguka. Kwa hiyo asijue lolote.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango umepatikana, na ni safi. Mtungi ukipata mfuniko mpya, ule wa zamani unatupwa. Kitu kilichotupwa hakiombwi, kinaokotwa!

Nimenunua sokoni mfuniko wa enameli, mweupe, wenye mawaridi mekundu. Benie alipouona machozi yalimlengalenga. Alisema wanaume wengine hawakumbuki hata jina la mama mkwe, na mume wake anakumbuka mtungi wake. Akaniita chéri mbele ya jirani. Niliona aibu kidogo, lakini ni aibu tamu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Msiba.

Mama Marceline aliupokea mfuniko kwa mikono miwili. Akaunusa. Akaita majirani. Akasema kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwekwa kwenye maji ya kila siku, kitaharibika. Akafungua kabati la vioo na kuusimamisha katikati ya vikombe vya harusi yake. Mtungi ukabaki na mfuniko wake mweusi. Maji yalikuwa yanautiririkia ukingoni.

Alikuwepo pia Exaucé, mume wa Glodie, dada mkubwa wa Benie. Mtu wa pikipiki na miwani ya jua. Yeye alileta makayabu, samaki wa chumvi, na makayabu yale yalipikwa papo hapo, yakasifiwa, yakaliwa. Alinipiga begani kishemeji na kusema: "Semeki, wewe leta maua, mimi naleta samaki. Tutaona nani ataitiwa kiti kwanza." Wote walicheka. Papa Anselme alimwitia kiti.

Sijali kiti. Nilijali kwamba ukingo wa santuri umeanza kujipinda.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimegundua kosa: mfuniko ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nimekwenda kwa mafundi wanaoyeyusha vyuma na kusubu sufuria, nikawaomba mfuniko mbaya. Fundi alikasirika, akasema hatengenezi vitu vibaya. Nikamwomba aupige nyundo pembeni. Alifanya, huku akinitazama kwa huruma.

Jioni nimevuka mto peke yangu, nimeuacha mlangoni kwa Mama Marceline na kukimbilia mtumbwi kama mwizi anayerudisha mali.

Niliporudi Benie aliniketisha. Alisema ameona nina kitu. Alisema: "Kama unataka kitu kwa papa, uniambie. Naomba mimi. Papa hajawahi kuninyima, hata nikiomba mwezi." Mikono yake ilikuwa na harufu ya limau. Nilitaka kusema. Niliuona uso wake wa siku ile ninayoingoja, mlango unafunguka... Nikasema sitaki kitu duniani isipokuwa yeye. Akashusha pumzi. Nadhani ni kwa furaha.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Kuku wa Mama Marceline wanakunywa maji kwenye mfuniko wangu mbaya. Alinishukuru. Alisema kuku walikuwa wanateseka.

Lakini hilo ni dogo. Leo nimeaibishwa mbele ya ukoo.

Mtungi umesimama nyuma kabisa ya kiti cha Mama Marceline. Mimi nilikuwa nautazama mtungi. Ningeacha vipi? Kila saa ya joto inaikunja santuri zaidi. Kila mtu anajua kwamba mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Anaangalia miguu yake mwenyewe na kujibu polepole. Ghafla Exaucé akaweka bilauri chini na kusema kwa sauti ya mtu wa kanisani: "Semeki, samahani. Tangu tumefika, macho yako iko kwa mama tu. Shida iko wapi?"

Mama Marceline alijifunika kanga mpaka kidevuni. Glodie aliguna. Papa Anselme alikohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia, kikavu, kama mwanzo wa filamu. Benie alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme jambo lolote lenye akili.

Nikasema sikuwa namtazama mama, Mungu apishe mbali. Nilikuwa nautazama mtungi.

Papa Anselme akauliza mtungi umefanya nini.

Hapo! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kusema: Papa, ile ni santuri. Ulimi ukakumbuka kwamba mkwe haombi. Nikasema mfuniko wake una vumbi kidogo.

Hata sauti ilipotoka nilijua nimeongeza msiba juu ya msiba. Mama Marceline alisimama akaingia ndani. Exaucé alinong'ona kwamba leo nimewaambia wakwe zangu wananywesha watu uchafu. Benie hakunishika mkono kwenye mtumbwi. Mto ulikuwa mpana sana.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nuru!

Benie amezungumza na mama yake kwa simu. Mama Marceline hakulala kwa aibu. Amesema atashughulikia ule mfuniko yeye mwenyewe, na Jumapili mkwe wake ataona kama nyumba yake ina vumbi.

Atashughulikia! Maana yake nini kama si kutupa? Mawaridi yatatoka kabatini, na mweusi utakwenda nje. Sikuomba. Sikuvunja heshima. Nilisema neno moja tu, tena kwa woga, na neno limefanya kazi.

Nimeifuta sindano ya gramafoni kwa spiriti. Nimelifuta jalada, ambalo muda wote limekuwa na mfuko mmoja mtupu kama shati la mtu aliyekatwa mkono. Nimepanga viti viwili karibu karibu. Benie aliuliza tunangoja mgeni gani. Nikambusu paji la uso. Amesema ananipenda lakini nachosha. Ananipenda!

Jumapili, tarehe 23 Juni

Naandika kwa shida.

Tulipoingia, mtungi ulikuwa umefunikwa kwa mawaridi. Moyo wangu ulipiga kama ngoma ya maji. Nilitupa jicho kwenye jalala la uani: maganda ya ndizi, majivu. Santuri haikuwepo.

Papa Anselme aliniitia kiti. Mimi, kabla ya Exaucé! Mama Marceline akatoka jikoni, akapiga magoti nusu, akaweka mbele yangu bakuli jeusi linalong'aa, limejaa karanga za kukaangwa. Bakuli zuri. Ukingo wake una mawimbi kama sketi ya msichana anayezunguka. Chini, katikati, karatasi nyekundu iliyopauka. Nusu ya ngazi.

Papa Anselme alieleza kwa fahari. Mama aliitumbukiza kwenye maji yanayochemka ili vumbi liishe kabisa, kwa heshima ya mkwe. Ikalegea mkononi mwake kama kikwanga cha muhogo chenye moto. Akataka kulia, kisha akaona inafuata umbo la sufuria aliyoilaza juu yake. Akaibonyeza taratibu, akaziba tundu kwa nta ya mshumaa.

"Mukwe wetu, kula," alisema Mama Marceline, akitazama pembeni kama inavyotakiwa. "Vumbi haiko tena. Hii tumekutengenezea wewe."

Nilikula. Mkwe hula anachopewa na kukimaliza. Kila karanga niliyoondoa ilifunua kipande kingine cha muziki: mistari ile myembamba, imevutika, imekunjamana, pumzi zote na vijiko vyote vya mwisho wa Ngazi za Mvua. Exaucé alinyoosha mkono achote. Papa Anselme akamwambia aache, hiyo ni ya Yannick. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilikuwa mkwe wa kwanza. Machozi yalinitoka. Mama Marceline aliyaona akasema kumbe huyu kijana ana moyo.

Nimerudi na bakuli mapajani.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Nimemwambia Benie yote.

Mwanzoni alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaliona bakuli kando ya jalada lake, limekataa kuingia, na kicheko kikaisha. Alisema papa angenipa siku ile ile ya kwanza. Alisema papa haijui hata ni kitu gani. Kwake ni mfuniko wa bure. Alisema: "Nilikuuliza, Yannick. Nilikuuliza tena na tena." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Nikamweleza kwamba nilitaka kumpa mwisho. Akapitisha mkono juu ya ukingo wenye mawimbi.

Halafu akainuka na kuweka santuri ya kwanza kwenye gramafoni. Tukakaa kwenye vile viti viwili. Mwanamke akapanda. Mtu akachechemea nyuma yake. Matone, msumeno, kitasa kikaanza kuzunguka, na sindano ikafika mwisho ikabaki inakwaruza. Benie akachukua chupa tupu ya bia, akapuliza. Sauti nene, ya chini. Akapuliza tena, polepole zaidi. Kwa kijiko akagonga bakuli mara moja, kwa upole kabisa, na bakuli likalia kikavu kama komeo linaloachia. Kisha akaniambia sikioni nani alikuwa nyuma ya mlango.

Siandiki alichosema. Ni chetu.

Hakuna mtungaji wa Italia ambaye angeweza! Nimeapa mbele yake, mkono juu ya rafu: kuanzia leo nitasema ninachotaka kwa maneno ya kawaida, kama binadamu. Ameniambia hilo tu ndilo alilolitaka tangu harusini.

Jumamosi, tarehe 29 Juni

Siku ya ajabu! Tonton Dominique, mdogo wake Papa Anselme, amepiga simu kutoka Isangi kutupongeza kwa harusi. Benie alimsimulia habari ya bakuli. Tonton akacheka, akasema hata yeye ana santuri moja kutoka sinema ileile. Aliibandika mishale, sasa ni saa ya ukutani sebuleni kwake. Juu yake kuna picha ya jicho na tundu la ufunguo.

Jicho na tundu la ufunguo! Naijua hiyo! Ni santuri ya filamu nyingine, ile yenye mashine za kuchapa na watoto wanaonong'ona kinyumenyume. Sikuwahi kudhani iko katika jimbo hili.

Benie aliziba simu kwa kiganja akasema: "Namuomba sasa hivi. Tonton hawezi kuninyima."

Nilimpokonya simu kwa upole. Nikamsalimu Tonton, nikauliza bei ya samaki na hali ya maji huko, nikakata. Nikamwambia Benie aniachie mimi. Mkwe haombi, na Tonton naye ni mkwe. Akaenda kuanika nguo bila kuimba.

Mchana nimeshuka Makiso. Nimenunua saa ya ukutani, kubwa, yenye ukingo wa rangi ya dhahabu na maua pembeni. Haijapata kuonekana saa nzuri kama hii! Boti ya Isangi inaondoka Jumatatu. Ukuta wa Tonton utatosha saa moja tu, na akishaiona hii, ile ya zamani ataiweka wapi? Nimeligeuza jambo hili pande zote. Halina pa kukwama.