Mgongo wa Baba Neema Kwenye Filamu

Leo nimepata aibu ya kuhama mtaa. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa huku kwetu Nyasubi.

Asubuhi jirani yangu Mama Kulwa kanirushia filamu kwenye simu, imechezwa na vijana wa hapahapa Kahama. "Angalia mwanzo tu," kasema, halafu kanyamaza. Mama Kulwa hanyamazagi bure.

Nikaangalia. Mwanaume anatembea uchochoroni. Kamera inaanzia kwenye viatu, inapanda taratibu mpaka mgongoni, inamfuata kwa nyuma. Uso haionyeshi. Bega la kushoto limeshuka, mguu wa kulia anautupa nje kidogo. Mwendo wa Baba Neema, mume wangu. Na koti ni lake, lile la kahawia nililolishona kiwiko kwa uzi mweusi (wa kahawia uliniishia). Kamera ikasogea kiwikoni. Uzi mweusi. Mtu akasimama, akaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, mlango wa gesti ukafunguka, mkono wa mwanamke mwenye bangili ukamvuta ndani.

Baba Neema kaniaga kwamba anaenda machimboni Geita, shimoni. Nikapiga simu. Hapatikani.

Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena. Kidato cha nne nilimaliza, filamu sikufundishwa, lakini kwa nini kamera imfiche uso? Anayeigiza si anataka kuonekana? Anayefichwa uso ana mke. Na ule mlango hakuutafuta, mgeni angesita. (Nachambua kama nalipwa.)

"Leo wanaigiza tena, nyuma ya soko," Mama Kulwa kaniambia. "Ila mimi simo."

"Umo. Niangalizie maharage jikoni."

Nikamfunga Neema mgongoni, nikavaa kandambili nilizozikuta mlangoni, mbio. Nafika, watu wamejaa, kimya, kijana kaweka kamera begani. Mbele yake lile koti, lile bega, linamwendea mwanamke mwenye bangili.

Sikusubiri. Nikaipita kamera, nikamkaba kola kwa nyuma. "Shimo lako la Geita ndo hili?"

Akageuka. Baba mkwe.

Jamani. Mzee wa Kisukuma ambaye namsalimia kwa magoti, kwa mbali, macho chini. Tangu niolewe hata mkono sijamgusa. Nikapiga magoti palepale, kola bado nimeishika, naye akainama nayo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Niachie kwanza koti la watu."

Koti kaachiwa na mwanawe. Mwendo, mwanawe kaurithi kwake. Mzee akaninong'oneza: "Nyumbani nimesema niko mnadani, nauza ng'ombe. Mama yako asijue."

Simu ikaita. Baba Neema, anahema kama mtu aliyetoka shimoni kweli. "Mke wangu, nimeona ulipiga. Kuna nini?"

"Maharage yameungua."

(Na yaliungua. Mama Kulwa alikuwa nyuma yangu, kaja kuangalia.)

Aliyefurahi ni dairekta peke yake. Kasema kipande hicho ndicho kitakachofungua filamu yao ijayo. Nikamwambia afute. Akanipoza: "Usiwe na wasiwasi dada, tumekuchukua kwa nyuma. Uso hauonekani."

Uso hauonekani. Kandambili moja nyekundu, moja bluu, Neema mgongoni anaipungia kamera mkono, na huyu ananiambia uso hauonekani.

Ikitoka, hamnijui.