Vichwa Vilivyoiva

Jumatatu, 7 Julai 2025. Soweto, Mbeya.

Tumefika jioni kwa binti yetu Faustina kutoka Iringa, mimi na mke wangu Rozalia. Baridi inauma masikio. Nyanya tulizobeba toka kwetu Ipogolo zimefika zikiwa mchuzi. Mkwe mwenzangu Asukile katangulia na gunia zima la mchele wa Ubaruku, na kiti cha karibu na jiko kakikalia yeye. Kanisalimia "kamwene", salamu yetu Wahehe, kwa kunikejeli.

Nikampakata mjukuu. Miezi miwili, pua yangu kabisa. Jumapili anabatizwa na hana jina. Asukile kasema mtoto wa mwanawe Ipyana ni Asukile, hakuna mjadala. Nikasema ni Kalinga, kama mimi. Mimi nina mabinti wanne. Nikifa, jina langu linabaki kwenye kibao cha duka la kutengeneza redio, nacho kimeanza kuoza. Hilo sikulisema.

Faustina katupa mpaka Ijumaa. Tukishindwa kuelewana, wao wataita wanavyotaka. Damari, dada yake Ipyana, mwalimu wa hisabati, kashauri sarafu ya kwenye simu. Unagusa, inazunguka, inaanguka kichwa au mkia. Haina ndugu wala mjomba, kasema. Nikachukua kichwa, Asukile mkia. Simu itumike yangu, mimi ndiye fundi. Asukile anakwenda Tukuyu kwanza. Tutarusha akirudi Ijumaa.

Jumanne, 8 Julai

Damari kaniwekea ile sarafu. Nimerusha mara mia, nikiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Faustina kakasirika. Sayansi ina gharama zake.

Vichwa hamsini na vitatu, mikia arobaini na saba. Nimegundua kitu! Sarafu hupokezana zamu, kama mgao wa umeme: mkikaa gizani siku mbili, ya tatu lazima uwake. Mikia ikifuatana, kichwa kinaiva.

Nikamweleza Damari. Kasema kila mrusho ni nusu kwa nusu, iliyopita haihusu, sarafu haina kumbukumbu. Nikamwonyesha boksi la simu: kumbukumbu, GB 64. Akaondoka kuandaa masomo yake. Walimu hawapendi kushindwa.

Jumatano, 9 Julai

Tangu asubuhi natafuta mikia. Nilifika mitano mfululizo, kikatokea kichwa, nikaanza upya. Saa nane mchana: mikia saba! Nikaacha hapo hapo. Kichwa kimeiva mpaka kinataka kudondoka.

Simu nimeifunga kwenye kitenge cha Rozalia na kuilaza juu ya kabati. Mdogo wangu Zabron kapiga mara nne toka Ipogolo. Sikupokea, nisije nikaitikisa.

Alhamisi, 10 Julai

Maafa. Nimerudi sokoni nikakuta simu iko jikoni.

Rozalia alishindwa kuamua apike nini. Wali au ugali? Akarusha: kichwa, wali. Maharage au samaki? Kichwa, maharage. Nazi au bila nazi? Kichwa. Vichwa vitatu vimeliwa mchana mmoja, tena kwa mchele wa Asukile. Nikakataa kula. Halafu nikala, maana wali wa Ubaruku ni wali.

Rozalia kasema angalau ningemwambia. Mtu anamwambiaje mkewe kwamba ndani ya kitenge kuna vichwa?

Nimekaa na hesabu zangu. Vichwa vimekwisha, sasa ni zamu ya mkia. Lazima nibadilishane na Asukile kabla hajashtuka.

Ijumaa, 11 Julai

Asukile karudi. Nikamwambia nimetafakari, na kwa heshima ya ukwe namwachia kichwa. Kakubali bila swali. Nusura nimwonee huruma.

Saa kumi na moja jioni, wote tumezunguka jiko. Nikagusa. Sarafu yenyewe imechorwa kama ile ya mia tano: upande mmoja sura ya mtu, upande wa pili nyati, na nyati ndio mkia wetu. Ikaanguka nyati! Nikasimama nikapiga makofi.

Asukile akavaa miwani. Kasema nyati yule ana kichwa, tena chenye pembe, na kichwa ni chake. Nikasema mkia pia anao. Damari akaikuza picha: vyote vipo. Ipyana kaamua turudie, na safari hii nyati ni mkia, basi.

Nikagusa. Kichwa.

Nikakaa. Nilimtazama yule mtoto na ile pua, na iliniuma sana.

Asukile akachukua karatasi ya mchungaji, akaandika: Asukile Ipyana Asukile. Akalisoma kwa sauti mara mbili. Kasema mtoto atachekwa shuleni, watadhani mwalimu ana kigugumizi. Akafuta la kwanza, akaandika Kalinga. Kisha kasema mkwe wake anywe chai, inapoa.

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumapili, 13 Julai

Kalinga Ipyana Asukile kabatizwa. Maji yalikuwa ya baridi, kapiga kelele ya Kihehe.

Jina liliposomwa ndipo nikaelewa. Asukile alikuwamo kwenye jina tangu Jumatatu, kwa kichwa na kwa mkia! Nikamuuliza basi alibishania nini wiki nzima. Kasema huko kwake Ubaruku hana wa kubishana naye ila mpunga, nao haumchekeshi.

Damari kaniuliza kama sasa nimekubali kwamba sarafu haina zamu. Nikamwambia nimeona kosa langu. Mikia saba iliivisha vichwa saba. Rozalia alikula vitatu, vikabaki vinne. Sikupaswa kubadilisha upande. Akamalizia chai yake, akaenda kuosha kikombe. Ameelewa.

Binti yangu Sabina anajifungua Oktoba. Baba mkwe wake naye mbishi. Nimeanza mapema: hadi jioni hii mikia mitano. Simu iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya begi, na Rozalia nimemwambia ni ugali mpaka Oktoba.