Leo Nimeinamisha Stesheni Nzima

Jamaa zangu, leo aibu imenikuta asubuhi kweupe, chini ya bendera ya taifa. Nawasimulia mwenyewe, maana nasikia habari imeshavuka mto na kule Alunguli wanaicheka bila mimi kuwapo.

Mnajua nilivyokuwa. Tangu ile malaria, uchovu haukuniacha. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kazi yangu ni kupokea mizigo stesheni, na shefu wetu amenikuta zaidi ya mara moja nimelalia magunia ya mchele (mara ya mwisho nilikuwa nimejifunika moja). Daktari alinipima damu, akasema sina kitu. Sina kitu! Nikarudi nyumbani na hicho nisichokuwa nacho, nikalala tena.

Aliyenisaidia ni Mama Mbuyi, nesi, jirani yetu hapa Mikelenge. Aliniambia dawa yangu inaitwa yoga. Nikamuuliza nitaimeza kabla ya chakula au baada. Kumbe ni mazoezi ya kunyoosha mwili polepole na kuvuta pumzi, aliyofundishwa na mtawa mmoja wa Kizungu. Akanikalisha kwenye mkeka, akanitazama nikipumua, akatikisa kichwa.

“Weye unapumuaka sawa vile muntu anaiba,” alisema. “Pumua sawa vile hewa iko yako.”

Basi nikafundishwa. Unalegeza mkanda ili tumbo lipate nafasi. Unafunga macho. Unavuta pumzi kwa pua, unaitoa taratibu. Unainua mikono polepole, unaishusha, unainama kutoka kiunoni mpaka kichwa kining'inie, unabaki hapo. Ukisikia kelele, unaziacha zipite, hazikuhusu.

Sikuamini, lakini nilifanya kila alfajiri, na kidogo kidogo nguvu zikarudi. Nikaanza kupanda kutoka mtoni bila kukaa njiani. Nilifurahi mpaka Jumamosi moja nikaenda salongo, ile kazi ya serikali ya kufyeka barabara, bila kutafutwa chini ya kitanda.

Shefu akaona. Nafasi ya mkuu wa treni ya Kibombo ilikuwa wazi, na waliobaki kuitaka ni mimi na Mulamba wa tiketi, ambaye husinzia hata akitembea. Shefu aliniambia wazi kwamba leo, baada ya bendera kupanda, angetaja jina, na kwamba nikionekana mchangamfu nisiwe na wasiwasi. Niliitaka kazi ile kupita kiasi. Kofia, filimbi, kiti cha dirishani, na kutoyaona tena yale magunia.

Sasa leo. Nyumba yangu imejaa wakwe kutoka Kalima. Wamelala sebuleni, wamelala uani, mmoja amelala juu ya mkeka wangu wa yoga. Moyo ulikuwa unanidunda kwa sababu ya hiyo nafasi, na bila pumzi za Mama Mbuyi nilijua nitafika mbele ya shefu nikitetemeka. Nikavaa abakosti yangu nzuri, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, nikaenda stesheni mapema kabla ya watu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Mahali pekee palipofagiwa ni chini ya mlingoti wa bendera. Nikasimama hapo, nikaelekea mtoni kunakotoka jua. Nikalegeza mkanda (suruali ni ya kabla ya malaria, siku hizi ningeweza kuivaa na mtu mwingine). Nikafunga macho.

Yaliyofuata nimeelezwa baadaye, maana mimi nilikuwa ndani ya pumzi zangu.

Papa Amisi, mlinzi, alitoka kibandani mwake akamkuta mtu wa ofisi amesimama wima mbele ya mlingoti, kimya. Akafikiri amechelewa. Akakimbia na bendera, akapuliza filimbi, akaanza kuipandisha. Mnajua sheria yetu. Filimbi ya kwanza ikilia, kila mtu anasimama pale pale alipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye beseni anabaki nalo kichwani, na hakuna anayetikisika mpaka filimbi ya pili. Anayetikisika atajieleza kwa watu wa chama tawala, na hakuna anayependa kujieleza huko.

Filimbi niliisikia. Nikaiacha ipite.

Bendera ikafika juu. Papa Amisi akanitazama ili apulize ya pili. Mimi sikutikisika, na yeye hawezi kumwachisha mkubwa heshima. Akangoja. Wapita njia wakangoja. Wafanyakazi wakafika mmoja mmoja, wakakuta watu wamesimama, wakasimama. Akaja shefu, akasimama. Akaja raia Ngoy, au sitwayeni kama tunavyotakiwa kuitana siku hizi, mjumbe wa chama pale stesheni, mwenye tumbo na sauti, naye akasimama, mkono kifuani. Treni ya Kibombo ilikuwa tayari, lakini dereva alikuwa chini, ameganda na kopo lake la mafuta.

Hapo mimi nikainua mikono.

Wanasema kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Tumezoea mambo mapya kutoka Kinshasa, leo jina jipya, kesho vazi jipya, na ngoma za chama hubadilika kabla hatujajua za zamani. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kujua. Mmoja akainua mikono, kisha wote. Nikaishusha, wakaishusha. Nikainama.

Nikiwa nimeinama nikasikia viuno vingi vikilia. Kelele hizo zilinihusu. Nikafungua macho, nikatazama nyuma kati ya miguu yangu, na nikaiona stesheni nzima kichwa chini. Shefu ameinama, kofia yake iko vumbini. Mama mmoja ameinama ameshika beseni la mihogo kwa mikono miwili. Sitwayeni Ngoy ameinama anatweta, makalio juu, mbele ya bendera ya Zaire.

Nilishtuka, nikajinyoosha kwa ghafla. Suruali haikuja nami. Ilishuka mpaka chini, na watu wote, ambao walikuwa wamejinyoosha pamoja nami kwa utii, wakaiona chupi ambayo mke wangu Feza alinishonea kwa mfuko wa unga, maandishi ya kiwanda yakiwa bado yanasomeka nyuma.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Papa Amisi alishika mkanda wake mwenyewe, akanitazama kama anayeuliza.

Nikaivuta suruali. Sitwayeni Ngoy akaja mbele yangu, jasho linamtoka.

“Sitwayeni Kasongo,” akasema kwa sauti ya chini, “hii salamu mupya, amri yake ilifika siku gani?”

“Amri haiko, sitwayeni. Hii njo mazoezi ya muntu mwenye anachoka. Mama Mbuyi wa hopitali njo alinionyesha.”

“Na ile ya suruali?”

“Ile njo mukanda.”

Hapo mwenye mihogo alishindwa. Alicheka mpaka beseni likamwagika, na uwanja wote ukamfuata. Sitwayeni Ngoy hakucheka. Nilimwona akifikiri. Ikiwa hakuna amri, basi mjumbe wa chama ameinama mbele ya bendera, na mbele ya watu, kwa ajili ya nesi. Akageuka, akainua mkono, watu wakanyamaza.

“Amri iko,” akasema. “Inaanza leo. Kila asubuhi, kisha bendera kupanda, wote wanafanya vile mulifanya. Sitwayeni Kasongo njo ataongoza.”

Shefu aliokota kofia yake, akaipangusa. Akasema kwa heshima kwamba alikuwa karibu kunitaja kwa treni ya Kibombo, na mkuu wa treni hawezi kuwa hapa kila asubuhi.

“Treni itapata muntu,” akajibu sitwayeni Ngoy. “Hii kazi haina muntu mwingine.”

Papa Amisi akapuliza filimbi ya pili. Mulamba akapewa kofia. Treni ilipoondoka nilimwona kwenye kiti cha dirishani, amekwisha kusinzia. Roho iliniuma sana, sitawaficha.

Jioni nimepita kwa Mama Mbuyi kumweleza. Alicheka, akafuta machozi, akacheka tena, kisha akaniuliza uchovu unaendeleaje. Nimemwambia umerudi. Kuanzia kesho natakiwa niwe mlingotini kabla ya watu wote, nimenyooka, niwapumzishe.

Mnaotaka kucheka, siwezi kuwazuia. Ila chekeni kwa pua, taratibu, na mikanda muifunge kwanza.