Nakala Arobaini kwa Wakubwa

Jumatano, 4 Juni
Nimefika mjini kuzindua riwaya yangu ya kwanza. Nalala kwenye kochi la dada. Ameuliza yule dada mchoyo wa sura ya pili ni nani. Nimesema ni wa kubuni. Akasema sawa, ila sukari imekwisha. Nimekunywa chai chungu.

Mhariri amepiga simu. Jumamosi zitakuwepo nakala arobaini. Zikiisha, atausoma muswada wangu wa pili. Zikibaki, nisimpelekee kitu tena. Muswada ule nimeuandika miaka sita. Naogopa, nakiri.

Halafu tunagawana ukumbi na mtunzi wa kitabu cha kufuga kuku. Kuku!

Alhamisi, 5 Juni
Nimezunguka mjini nikitafuta kitabu changu. Duka la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu kipo, rafu ya chini kabisa, nyuma ya atlasi. Nikakipandisha dirishani, mbele ya kile cha kuku, nikavuka barabara kukitazama. Muuzaji akakirudisha chini. Nikakipandisha. Akakirudisha. Mara ya tatu akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 6 Juni
Wazo limenijia bafuni. Watu hupenda kinachopendwa na wakubwa! Nimekwenda stoo ya mchapishaji, nikamwambia mtunza stoo nasaini mapema ili kesho pasiwe na msongamano. Akanipa katoni. Nimesaini zote arobaini na kuongeza maneno. Kwa Jaji, aliyenisihi niandike. Kwa Profesa, kwa heshima. Kwa Askofu, tuombeane. Kwenye nakala ya thelathini wakubwa wakaniishia, nikarudia majaji. Vidole vimekufa ganzi, moyo mweupe.

Jumamosi, 7 Juni
Watu walikuja! Foleni hadi mlangoni, na ilikuwa yangu. Mwalimu mmoja akafunua nakala, akasoma, akauliza kama Jaji anajua kitabu chake kiko hapa. Nikamwambia achukue tu. Akasema hataki kesi. Mama aliyemfuata akaishika ya Askofu, akairudisha mezani taratibu na kuomba radhi.

Foleni ikahamia kwa kuku. Yule mtunzi humuuliza mtu jina kwanza, ndipo anaandika. Kupoteza muda tu. Zake ziliisha.

Mhariri alizifunua zangu moja moja. Imeuzwa moja. Dada ameichukua ya Profesa, akasema angalau mmoja wa ukoo awe na cheo. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwangukia mhariri ofisini kwake. Akanihurumia. Amenipa nakala kumi safi nikauze nyumbani, na zikiisha atausoma muswada. Sharti ni moja: nisiandike chochote mpaka mnunuzi awe mbele yangu. Nimeapa, mkono kifuani.

Sasa niko kwenye basi. Nimetafakari saa nzima na kosa langu nimeliona. Ni vyeo. Watu wa kawaida huogopa vyeo. Kwetu watu wote ni wa kawaida, na wote nawajua. Kwa Kinyozi. Kwa Fundi Cherehani. Kwa Mama Mkwe, na mgongo upone. Kwa Jirani, ambaye hajui kusoma, lakini atafurahi. Zimebaki sita, safari bado ndefu, na wino ninao wa kutosha.