Filamu Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumatatu, 9 Juni 2025

Daktari kasema moyo umechoka. Si ugonjwa mpya, ni miaka themanini na minne. Huenda ni wiki, huenda ni miezi, Mungu ndiye ajuaye. Akaniuliza kama nina jambo la kuweka sawa. Nikasema sina.

Nilikuwa nalo. Wasifu wa marehemu!

Nimezika watu wengi hapa Nkoaranga. Nimesikia marehemu wema wakisomewa wasifu mbovu, tarehe zimegeuzwa, watoto wamesahauliwa. Mimi sitafanyiwa hivyo. Nimeandika wangu mwenyewe, kurasa nne. Kuzaliwa, kubatizwa, chuo cha ualimu, miaka thelathini na minne ya chaki. Kisha sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Katika uzee wake alitazama na kuhakiki filamu mia mbili na kumi na mbili."

Ndiyo, nimeihesabu na ya Jumamosi ijayo. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, ukitoa misiba na mvua, sisi wazee wanne hukutana kwa Nashilu, mkunga mstaafu, kwa sababu ana runinga kubwa. Tunatazama filamu moja. Jumapili baada ya ibada kila mtu huandika maoni yake kwenye kundi la simu, na alama kati ya kumi. Mwaka wa sita sasa. Nashilu hupima adabu: mhusika akimpita mkubwa bila salamu, filamu nzima inapata mbili. Hans, aliyekuwa fundi wa magari, huipa kila filamu saba ili asimkosee mtu. Gadiel hutoa alama zenye nusu. Sita na nusu! Mtu mzima!

Kwa bahati mbaya Gadiel ndiye msomaji wa wasifu katika usharika wetu. Alikuwa bwana shamba wa kahawa, na ile sauti aliipata kwa kuita watu ng'ambo ya bonde. Akisoma Gadiel, hata wadai wa marehemu huamini.

Nikampelekea kurasa zangu leo jioni. Akavaa miwani. Akasoma vizuri mpaka kwenye filamu. Akasimama hapo. Akauliza: "Mwalimu, umezitazama?"

Nilimwambia swali hilo ni tusi. Akaniuliza ile ya treni iliishaje. Nikajibu iliisha kwa namna ya kumwachia mtazamaji atafakari. Akasema iliisha kwa harusi.

Sharti lake: Jumamosi hii, filamu ikiisha, nisimame niseme mimi wa kwanza kabla mwingine hajafungua mdomo. Nikieleza kisa mpaka mwisho, atasoma sentensi yangu kwa sauti yote. Nikishindwa, anaifuta. Hawezi kusimama mbele ya madhabahu akasoma asichokiamini.

Nimekubali. Nimempa na mkono.

Sasa nakiri, kwa kuwa daftari hili litasomwa nikiwa nimeshafukiwa. Tangu tuanze, sijaona mwisho wa filamu hata moja. Dakika ya kumi na tano nimelala. Naamka majina yanapopanda. Na msiseme ni dawa za moyo, nilianza kulala kabla ya dawa. Lakini je, nilisahihishaje insha miaka thelathini na minne? Aya ya kwanza na aya ya mwisho. Hakuna mzazi aliyelalamika!

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kutolala. Ni suala la nidhamu tu.

Nimefanya mazoezi mbele ya taarifa ya habari ya mchana. Kahawa ya shambani kwangu, chungu, vikombe viwili (daktari amekataza, lakini daktari hatasomewa wasifu na Gadiel). Pilipili kwenye leso. Kibanio cha nguo kwenye sikio la kushoto.

Nikalala kabla ya michezo.

Nimeamshwa na Kandida, mke wa marehemu mwanangu, anayenitunza. Ni Mkatoliki wa Kilimanjaro, ana macho makali na mdomo wa kuyafuata. Akauliza kama kibanio kile kaandika daktari. Nikasema ni mambo ya mzunguko wa damu. Akasema basi anaomba damu izunguke bila vibanio vyake, ana nguo za kuanika.

Sikio bado linauma.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili. Bora zaidi. Nashangaa haukuwa wa kwanza.

Nimempigia Nashilu simu, eti namjulia hali. Baada ya nusu saa ya goti lake nikauliza kijuujuu tu Jumamosi kuna nini. Ni filamu ya Korea, *Mpeasi wa Mpakani*, kaletewa na bintiye. Nikamwonea huruma kwa goti, nikakata simu.

Kisha nikampigia Allen. Nilimfundisha darasa la sita, sasa ana duka Daraja Mbili la kuwekea watu filamu kwenye flashi. Akaniamkia vizuri. Nikampa jina la filamu. Anayo! Akasema mwenyewe nitaipenda, imeshatafsiriwa, kuna jamaa kaitia Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kiswahili! Macho yangu yana ukungu, yale maandishi madogo ya Kiingereza chini ya picha sijayaona tangu tuanze. Bwana yu upande wangu.

Kandida huuza vitenge hukohuko Daraja Mbili. Nikamwomba apitie kwa Allen anichukulie bahasha. Akauliza ina nini. Nikasema nyimbo za kwaya. Akauliza kwaya gani inakaa kwa Allen. Nikasema ya Kilutheri. Akasema basi na aende Mlutheri.

Nikaushika moyo wangu, nikakohoa kidogo. Akaenda. Moyo huu umechoka, lakini bado unafanya kazi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeimaliza!

Nimeitazama vipande vipande, dakika kumi, napumzika, dakika kumi, siku mbili nzima. Kandida akiwa sokoni. Kwa kweli sikutazama, nilisikiliza nimefumba macho, maana picha kwangu ni vivuli tu. Kulikuwa na haja gani? Yule mtafsiri anasema bila kupumua. Waigizaji wenyewe wako kimya ajabu, watu wa Korea ni wapole sana, lakini yeye anaeleza kila kitu.

Na kisa gani! Wazee wawili, ndugu. Mmoja anaitwa Mzee Kipara, alikuwa jambazi wa benki. Mwingine Mzee Chuma. Wanagombania hati ya kiwanja. Kipara anapanda paa, eti anakarabati, kumbe hati imefichwa kwenye vigae! Chuma anamshikia ngazi, na mtafsiri anapiga kelele: "Ataiachia, haiachii? Ataiachia, haiachii?" Kisha chai. Ndani ya chai kuna sumu! Kipara anakufa huku amekaa chini ya mti, na Chuma anabaki kumtazama, anacheka moyoni.

Nakiri nilisimama kitini. Nakiri pia sikusinzia hata mara moja. Ndiyo filamu ya kwanza kuimaliza tangu tuanze, na nimebaki na swali moja linalonisumbua: hati ilikwenda wapi?

Nimeandika muhtasari, kurasa mbili, nimeukariri. Kesho Gadiel atameza nusu zake zote.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya aibu. Lakini si yangu peke yangu, nitaeleza.

Ukungu kutwa, mlima haukuonekana. Nimeshuka kwa Nashilu na fimbo, mguu baada ya mguu. Wote walikuwepo. Gadiel kanipa kiti cha katikati, karibu yake, kama mshitakiwa. Filamu ikaanza. Hakukuwa na mtafsiri, sauti za Kikorea tu na upepo. Nikalala mapema, dakika ya nane, kwa amani ya mtu aliyejiandaa.

Nikaamka nina blanketi magotini. Majina yanapanda. Nikasimama na fimbo yangu, nikaanza.

Nilisema vizuri! Nilianza na ujambazi wa Kipara, nikaja kwenye hati, nikafika kwenye ngazi. Nikaigiza na ile "ataiachia, haiachii". Nikamalizia na sumu. Nikasema dosari ni moja tu, mwandishi hajatuambia hati imekwenda wapi. Nikaipa nane. Nikakaa.



Nashilu akauliza taratibu: "Mwalimu, kumbe chai ilikuwa na sumu?"

Hans akasema yeye alidhani ni chai.

Gadiel akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaeleza. Ndugu wawili hawajasemeshana miaka ishirini kwa sababu ya mti wa mpeasi uliopandwa mpakani mwa mashamba yao. Paa la mmoja linavuja. Mwenzake anakuja na ngazi bila kuitwa. Wanatengeneza paa siku tatu, hawaongei. Wanakunywa chai. Yule mkubwa anakufa kwa uzee chini ya mpeasi, mdogo anakaa naye hadi jua linazama. Basi. Hakuna benki, hakuna kiwanja. Filamu nzima ina maneno ambayo Gadiel aliyahesabu kwa vidole.

Kumbe yule mtafsiri, alipokuta watu hawasemi, aliwasemea! Alitunga! Mwongo mkubwa! Kusimulia filamu ambayo hujaielewa, mbele ya watu waliokuamini! Sijaona utovu wa haya kama huo.

Wakati huohuo Kandida alikuwa mlangoni, kaja kunipandisha mlima. Alikuwa amesikia yote. Akasema: "Baba, ndiyo hiyo kwaya?"

Hans alicheka mpaka akatolewa nje apate hewa. Aliporudi akaipa filamu saba. Nashilu akasema ile ya Wakorea anaipa tano, maana ndugu hawakuamkiana hata asubuhi, lakini ile ya Mwalimu anaipa tisa.

Gadiel hakutoa alama. Alitoa kalamu mfukoni, akafungua kurasa zangu, akaikata kwa mstari sentensi ya filamu.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda ibadani. Miguu imevimba. Na uso pia, kwa maana nyingine.

Gadiel alikuja saa saba na ndizi mbivu. Akakaa. Nikamwambia kama amekuja kucheka, acheke haraka, nina ratiba ya kufa.

Hakucheka. Akasema amejua tangu filamu ya pili. Akaniuliza kama miaka yote hii nilidhani blanketi lile linajileta lenyewe. Akasema nakoroma kama mashine ya kukobolea kahawa, na kuna filamu ambazo wao watatu wamezitazama bila sauti ili nisiamke.

Nikamuuliza kwa nini basi kunidhalilisha. Akasema hakutaka kunidhalilisha, alitaka nimwambie mwenyewe, mara moja, kabla. Hakumalizia kabla ya nini. Akasema: "Ungeniambia tu, Mwalimu, 'Gadiel, mimi hulala.' Nisingeuliza la pili."

Kilikuwa kipindi kizuri cha kuungama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikasema dosari kubwa ya filamu ile ni mwanga hafifu.

Akatikisa kichwa. Akachukua kurasa, na juu ya mstari alioupiga akaandika sentensi nyingine. Akanisomea kwa ile sauti, chumbani humu, madirisha yakaitika: "Katika uzee wake alikaa na rafiki zake filamu mia mbili na kumi na mbili."

Nikafumba macho kidogo tu, kwa sababu ya vumbi. Nilipofumbua, Gadiel alikuwa ameshaondoka. Blanketi lilikuwa magotini.

Ni sentensi nzuri. Ni ya kweli. Nimeisoma mara nne.

Jumanne, 17 Juni

Nimekuwa na siku moja na nusu ya unyenyekevu. Inatosha.

Asubuhi nimemsikia Kandida jikoni akiongea na simu, kwa sauti anayodhani siisikii. Anaongea na Oscar wa Kikatiti, yule anayepiga picha za video za harusi na misiba. Anasema bado, ila ajiandae, na kama kamera ya kupaa ipo aje nayo, Mzee anapenda filamu.

Kamera ya kupaa! Nimelala kitandani nimeduwaa. Maziko yangu yatakuwa filamu. Ya mia mbili na kumi na tatu! Itapelekwa kwa Nashilu, Jumamosi, saa tisa. Watakaa wote watatu. Watatoa maoni. Nashilu atahesabu waliopita bila kuamkia jeneza. Gadiel ataipa nusu. Nami niliye mhusika mkuu sitakuwepo kusema wa kwanza?

Haiwezekani. Nimeamka, nimeandika uhakiki hapohapo:

"Filamu ya kienyeji yenye umati mkubwa. Mwanzo una matumaini. Katikati kuna nyimbo nyingi mno. Msomaji wa wasifu ana sauti nzuri kupita kiasi, anamfunika mhusika mkuu. Mhusika mkuu mwenyewe ametulia, hatafuti sifa, hajafumbua jicho hata mara moja, na huo ndio usanii. Mwisho unaeleweka. Tisa kati ya kumi. Ile moja nimemkata Gadiel."

Filamu yenyewe sijaitazama. Sijawahi kuona ulazima huo.

Kisha nimechukua wasifu. Nimeifuta ile sentensi ya Gadiel, kwa heshima, na rula. Nimeandika: "Alitazama na kuhakiki filamu mia mbili na kumi na tatu, ya mwisho akiwa katika mazingira magumu." Nimeiga mwandiko wa Gadiel. Si kazi ngumu, anaandika kama bwana shamba. Siku hiyo, mbele ya madhabahu, na kamera ya Oscar usoni, hatakuwa na nafasi ya kusita. Atasoma tu. Na akisoma Gadiel, watu huamini.

Uhakiki nimeutia kwenye bahasha, nikaufunga kwa gundi. Mchana Hans amepita kunijulia hali. Nimemkabidhi, nikamwambia ni maoni yangu juu ya filamu ijayo, ayasome kwenye kundi siku itakapotazamwa, kabla mwingine hajafungua mdomo. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni filamu gani.

Ameipa saba.